Rangi ya chombo, msimu na mayai ya mbu: namna ya kupima na kuvunja mazalia nyumbani

Weka makopo mawili yanayolingana chini ya mti mmoja wenye kivuli, moja jeusi na moja jeupe. Yajaze maji nusu, uyaache siku tano. Kwa kawaida jeusi ndilo litakalokutwa na mayai mengi zaidi ya mbu aina ya Aedes aegypti. Jambo hili limetumiwa na wataalamu tangu miaka ya 1960, pale Wamarekani walipoanza kuwafuatilia mbu hao kwa chupa nyeusi zenye kijiti cha ubao ndani, na mitego ya mayai inayotumika leo bado ni myeusi.

Watu wengi wakishasikia hivyo hukimbilia kupaka mapipa yao rangi nyeupe. Haisaidii. Rangi humwongoza mbu jike achague kati ya vyombo anavyovikuta. Akikuta vyote ni vyeupe, atataga humo humo. Faida ya kujua habari za rangi ni kwamba unajua uanze kutafuta wapi. Msimu nao unakuambia una siku ngapi mkononi kabla mayai hayajageuka mbu wa kuruka. Mambo hayo mawili yakishikwa pamoja, kazi ya kusafisha mazalia hupungua sana. Maelezo haya yamelenga miji ya pwani: Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa na mingine yenye hali ya hewa kama hiyo.

Mbu yupi anayejali rangi

Aedes aegypti ni mbu mdogo mweusi mwenye pete nyeupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na tena alasiri hadi jua linapozama. Ndiye anayeeneza dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanzania, upande wa Newala.

Tabia yake ya kutaga ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Hatagi juu ya maji. Hutaga yai moja moja kwenye ukuta wa chombo, pale penye unyevu, juu kidogo ya usawa wa maji. Kwa awamu moja anaweza kuwa na mayai 100 hivi, lakini hayaweki mahali pamoja: huacha machache kwenye kopo hili, machache kwenye tairi lile, mengine kwenye pipa la jirani. Kwa hiyo ukimwaga chombo kimoja tu umepunguza sehemu ya mzigo, si wote. Na mayai hayo yakishakomaa hustahimili ukavu kwa miezi. Chombo kikavu kilichogeuzwa kuanzia Juni kinaweza kuwa na mayai hai Oktoba.

Culex, yule wa usiku anayepiga kelele sikioni na anayeeneza matende na mabusha, huweka mayai yaliyoshikana pamoja juu ya maji machafu: mashimo ya vyoo, makaro, mifereji iliyoziba. Kwake harufu ina uzito kuliko rangi. Anopheles wa malaria tuliyemzoea hupenda madimbwi ya chini yenye jua na maji masafi kiasi. Mwongozo huu hauwahusu sana hao wawili, isipokuwa pale watakapotajwa.

Kujua umemkuta nani, chota maji umimine kwenye beseni jeupe, mahali penye mwanga, usubiri dakika moja. Viluwiluwi vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Vya Culex na Aedes huning'inia kichwa chini, mkia juu. Vya Culex vina mrija mrefu mwembamba wa kupumulia, vya Aedes vina mrija mfupi mnene, na ukivipitishia kivuli cha mkono huzama chini haraka huku vikijipinda. Ukikuta viluwiluwi vilivyolala sambamba *ndani ya tangi au pipa la maji safi*, usivimwage kabla ya kumwonyesha afisa afya. Kuna Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayezaliana kwenye matangi ya mijini. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na baadaye Kenya kaskazini, Marsabit.

Anachokiona mbu jike

Jicho la Aedes aegypti linapokea mwanga kuanzia ule usioonekana na binadamu ulio zaidi ya zambarau hadi kwenye kijani na njano, likiishia karibu na rangi ya chungwa. Wekundu halisi haliuoni vizuri. Ndoo nyekundu iliyokoza kwake inakaribia kuwa ndoo nyeusi, na ndiyo maana kwenye majaribio mengi nyeusi na nyekundu hufuatana juu, na nyeupe na njano hubaki chini. Bluu na kijani hubadilikabadilika. Hutegemea zimekoza kiasi gani na zimewekwa mbele ya nini. Bluu nzito kivulini ni giza. Bluu ya maji kwenye jua ni mwanga.

Weusi kwake ni dalili ya tundu: pango la mti lenye maji, ambamo mababu zake walitaga kabla hawajahamia mijini. Lakini dalili haiko peke yake. Anapima pia kivuli, harufu ya majani yanayooza, ukwaruzaji wa ukuta, na kama kuna viluwiluwi wenzake humo. Wachache humvutia, kwa kuwa ni ishara kwamba chombo kinafaa, wakijazana humkimbiza.

Ndiyo maana chombo cha kutazama kwanza mtaani mara nyingi si pipa la nyumbani, ni beseni la fundi pancha. Litazame kwa karibu. Mara nyingi ni tairi kuukuu lililokatwa katikati au karai lililochakaa, limewekwa chini ya mwarobaini au turubai. Ndani ni jeusi. Maji yake yana vumbi la mpira na majani yaliyoanguka, hayamwagwi, yakipungua huongezwa. Ukuta wake una mikwaruzo ya miaka, na kila fundi anapozamisha mpira wa ndani kutafuta tundu, maji hupanda na kushuka juu ya mstari ule ule wa mayai. Kila sifa anayoitafuta mbu imo.

Tiba yake ni rahisi na fundi huikubali kwa sababu inamfaa kazini: atie kifuniko kimoja au viwili vya sabuni ya maji kwa kila lita 10. Mapovu huonyesha tundu la pancha upesi zaidi, na sabuni hulegeza uso wa maji hadi pupa, yaani kiluwiluwi kilichofika hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, wakashindwa kujishikilia juu kupumua. Bado maji yamwagwe mara moja kwa juma na ukuta usuguliwe, maana sabuni hupungua nguvu na mayai yaliyo juu ya maji haiyagusi.

Rangi, jua na joto la maji

Chombo cheusi kina upande wa pili ambao maelezo mengi huusahau: hunyonya joto. Kopo jeusi la lita moja lililoachwa juani saa za mchana mwezi Februari huchemka hadi viluwiluwi vikafa. Maji yakivuka nyuzi 40 kwa saa kadhaa, wengi hawaponi. Kopo hilo hilo likiwa kivulini, au likiwa kubwa kama pipa la lita 200 ambalo maji yake hayapati moto upesi, huwa mahali pazuri kabisa pa kukulia. Na mwezi Julai, pepo za kusi zikiwa zimepoza hewa, chombo cheusi kinachopata jua la asubuhi huongeza nyuzi chache ambazo chombo cheupe hakipati, na viluwiluwi ndani yake humaliza mapema.

Kwa makadirio ya kufanyia kazi, kutoka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka:

- maji ya nyuzi 30: siku 7 hivi;
- nyuzi 25: siku 9 hadi 11;
- nyuzi 20: wiki mbili hadi tatu.

Chakula kikiwa kidogo siku huongezeka. Majani mengi yakiwa yamelowekwa, hesabu iko kwenye upande wa chini. Ile kanuni ya "mwaga maji kila wiki" inatokana na mstari wa kwanza, na ukiitazama vizuri utaona haina akiba: kwenye joto la Januari na Februari, chombo cha kivulini kikaguliwe kila siku ya tano.

Kutengeneza mtego wa mayai

Huu si mtego wa kuua mbu. Ni kipimo. Hukuonyesha kama Aedes wapo, wako upande gani wa uwanja, na kama usafi mlioufanya umeleta tofauti. Unahitaji:

- kopo au ndoo ndogo ya plastiki ya nusu lita hadi lita moja, iliyo nyeusi yenyewe. Kopo la rangi au la maziwa ya unga linafaa pia likipakwa;
- kipande cha hadibodi chenye upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 12 hadi 15, upande mmoja laini na mwingine wenye mikwaruzo; kikikosekana, kitambaa cha pamba cha rangi ya khaki kisicho na nakshi, kilichokatwa kuzunguka ukuta wa ndani;
- klipu au waya wa kushikia kipande hicho;
- kalamu ya wino usiofutika.

1. Ukitumia rangi ya mafuta, paka nje na ndani, mara mbili, kisha liache kopo juani na hewani wiki nzima. Baada ya hapo lijaze maji, limwage, urudie mara mbili au tatu. Harufu ya thina hufukuza mbu, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya mtu kulalamika kwamba "mtego wangu haunasi kitu".
2. Toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye theluthi mbili ya kimo cha kopo. Msumari uliopashwa moto unatosha kwa plastiki. Tundu hili hutoa maji ya mvua yasipande na kuzamisha mayai. Yakizamishwa yataanguliwa kabla hujayahesabu.
3. Bana kipande cha hadibodi kikiwa kimesimama, upande wa mikwaruzo ukitazama katikati ya kopo. Nusu yake iwe ndani ya maji, nusu nje. Kitambaa nacho kivuke mstari wa maji kwa sentimita 4 au zaidi.
4. Jaza maji hadi karibu na tundu. Maji ya bomba yenye dawa yalazwe siku moja wazi kwanza.
5. Andika namba ya mtego na tarehe ya kuwekwa kwenye kopo na kwenye kipande.

Mtego wa maji matupu hufanya kazi. Ukitaka uvute zaidi, tengeneza maji ya nyasi: gramu 80 za nyasi kavu kwa lita 20 za maji, ndoo ifunikwe kabisa kwa siku 7. Chuja kwa kitambaa, kisha changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji safi. Usiyatumie mazito ukidhani yatavuta maradufu. Yakizidi ukali Aedes hupungua na Culex huja kuweka mayai yao juu ya maji, ukaanza kuhesabu mbu asiye wako. Ndoo yenyewe ikiachwa wazi ni zalia. Mfuniko usifunguliwe hovyo.

Weka mtego kivulini kutwa nzima, chini au usizidi kimo cha kiuno, karibu na maua au majani, mahali pasipo na upepo mkali. Nyuma ya nyumba karibu na mahali pa kufulia panafaa. Pembeni ya tairi, hapana: mtego utashindana na tairi na utashindwa. Kuku, mbuzi na watoto ndio maadui wakubwa. Ukifunga kopo kwenye mti kwa waya, kuku hawalipindui. Sisimizi hubeba mayai. Paka grisi kidogo kuzunguka kitako cha nje, isikaribie mdomo wa kopo.

Siku ya tano hadi ya saba, bila kuchelewa, ondoa kipande, mwaga maji juu ya ardhi kavu, sugua kopo kwa brashi, weka kipande kipya. Mtego uliosahauliwa siku 10 umegeuka kiwanda cha mbu, na wewe ndiye mwenyewe. Asiyeweza kuhudumia mitego kila wiki asiweke hata mmoja.

Kusoma kipande

Yai linapotagwa ni jeupe. Ndani ya saa chache hugeuka jeusi tititi. Ni dogo, chini ya milimita moja, refu kidogo kama punje ya mchele iliyokatwa na kupunguzwa mara nyingi. Kwenye hadibodi ya kahawia huonekana kwa macho, lakini kuyahesabu kunahitaji lenzi ya mkononi yenye kukuza mara 10. Kausha kipande kivulini siku moja kabla ya kuhesabu. Uchafu hutawanyika ovyo. Mayai hukaa kwenye mkanda, juu tu ya pale maji yalipofika, yakijibanza kwenye mikwaruzo.

Hesabu mbili zinatosha. Ya kwanza ni asilimia ya mitego yenye mayai. Tuseme mmeweka 20, mmoja umepinduliwa, imebaki 19, na 8 ina mayai: 8 kwa 19 ni asilimia 42. Mtego uliopotea au kupinduliwa haumo kwenye hesabu, usiuandike sifuri. Ya pili ni wastani wa mayai kwa mtego wenye mayai: yakiwa jumla 216 kwenye mitego hiyo 8, ni 27. Hesabu ya kwanza husema mbu wameenea kiasi gani, ya pili husema ni wengi kiasi gani walipo. Mara nyingi baada ya usafi ya pili hushuka kwanza.

Kuna jambo moja la kupotosha hapa. Mkiondoa makopo na matairi yote mtaani, mitego inaweza kujaa mayai kuliko mwanzo, kwa kuwa majike waliobaki hawana pengine pa kutaga. Usivunjike moyo wiki ya kwanza na ya pili. Angalia ya tatu na ya nne.

Vipande vilivyokwisha kuhesabiwa vitiwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache. Kuvitupa jalalani ni kuvipandikiza huko.

Kulinganisha rangi kwa haki

Walimu na vikundi vya vijana hupenda zoezi hili, na wengi huliharibu kwa kuweka kopo jeusi kivulini na jeupe juani, kisha wakasema rangi ndiyo iliyoamua. Tumia makopo yaliyotoka kiwanda kimoja, yenye ukubwa na umbo moja. Yapake rangi nne: nyeusi, nyekundu, bluu na nyeupe, kwa rangi ya aina moja, ndani na nje. Hata lililokuwa jeupe tangu dukani lipakwe nyeupe, ili harufu na ukwaruzaji viwe sawa. Chagua sehemu nne zenye kivuli kinachofanana, kati ya moja na nyingine pawe na mita 3 au zaidi. Ziite A, B, C na D. Kila wiki sogeza kila rangi hatua moja: iliyokuwa A iende B, ya B iende C, ya C iende D, ya D irudi A. Baada ya wiki nne kila rangi imekaa kila mahali mara moja, na upendeleo wa mahali umefutika. Ndipo jumlisha mayai ya kila rangi.

Wiki nne kwenye uwanja mmoja hutoa vipimo 16, navyo ni vichache. Nyua tatu kwa wakati mmoja ni afadhali kuliko uwanja mmoja kwa miezi mitatu, kwa kuwa ukivuka miezi mitatu umebadilisha msimu katikati ya jaribio.

Mwaka unavyokwenda

*Kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari.* Nje pamekauka, mitego ya nje hupata mayai machache, na watu husema mbu wamekwisha. Wamehamia kwenye maji ya akiba. Bomba likiwa la mgao, kila nyumba ina pipa, jaba au madumu yaliyojazwa, mara nyingi ndani au barazani, kivulini, mfuniko umekaa upande. Hapo ndipo pa kukagua kila siku ya tano. Tazama pia trei ya nyuma ya friji na chombo kinachokinga maji ya kiyoyozi. Hivyo havijui mvua wala jua.

Wiki ya mwisho ya Februari ndiyo ya kusugua, si ya kufagia tu. Mayai yaliyolala ukutani tangu vuli yanangoja maji yapande.

*Masika, Machi hadi Mei.* Mvua ya kwanza inayojaza makopo huangua sehemu ya mayai siku hiyo hiyo. Sehemu tu: mengine hubaki hadi yalowe mara ya pili au ya tatu, hivyo kusafisha mara moja baada ya mvua ya kwanza hakutoshi. Ndani ya siku 8 hadi 10 mbu wapya wanaruka. Mvua kubwa za Aprili husaidia kidogo, hufurisha makopo na kumwaga viluwiluwi chini. Wiki ya kuogopa ni ile ya jua inayofuata siku za mvua nyingi, kila kitu kikiwa kimejaa na hakuna kinachofurika. Panga ukaguzi siku ya tatu baada ya mvua kukatika. Pita kwenye vifuu vya madafu, makopo, mifuko ya plastiki iliyokunjamana, mifereji ya bati iliyoziba majani, turubai zilizobonyea, na mashimo ya maji kwenye majengo yanayojengwa.

*Kipupwe, Juni hadi Agosti.* Ukuaji hupungua mwendo, mara moja kwa wiki panatosha. Ndio wakati mzuri wa kazi nzito: kuondoa matairi, kutengeneza mifuniko, kuziba mashimo ya miti kwa mchanga.

*Vuli, Oktoba hadi Desemba.* Msimu huu hudharauliwa. Mvua zake ni za hapa na pale, zinajaza vyombo bila kuvifurisha, na katikati kuna jua la kupasha maji. Kwa kopo jeusi la kivulini haya ndiyo mazingira bora ya mwaka mzima. Usuguaji wa pili wa mwaka ufanyike wiki ya mwisho ya Septemba.

Kusugua, kufunika, na dawa

Kumwaga maji hakuondoi mayai. Kwa pipa au jaba, punguza maji hadi chini, changanya jiki na sabuni ya unga mpaka iwe nzito ya kupakika, paka ukuta wa ndani kuanzia mdomoni hadi chini ya mstari wa maji, subiri dakika 10 hadi 15, kisha sugua kwa brashi ngumu na suuza. Ule mkanda wa madoa kwenye usawa wa maji ndio wa kukaziwa. Vaa glovu, fanyia nje, na jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi. Mvuke wake ni sumu. Kutia jiki kidogo kwenye maji ya pipa, kama wengi wanavyofanya, husafisha maji ya kunywa lakini viluwiluwi huendelea kucheza humo.

Simtanki jeusi usilibadilishe kwa sababu ya rangi. Weusi wake huzuia mwanga, maji yasiote ukijani. Tangi la rangi nyepesi linalopitisha mwanga huota mwani, na mwani ni chakula cha viluwiluwi. Anachokiona mbu ni giza la mdomo ulio wazi, na giza hilo lipo ndani ya tangi la rangi yoyote. Funga mfuniko, ziba bomba la kufurikia kwa wavu wa dirisha uliofungwa kwa raba ya tairi. Pipa lisilo na mfuniko lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichovutwa kikakaza. Kikilegea kikagusa maji, mbu hutaga kupitia matundu, na umemfanyia ngazi.

Tairi haliponi kwa kupakwa rangi nje. Ndani linabaki jeusi na lenye maji, hata ligeuzwe vipi. Lililo kitalu cha maua lijazwe udongo hadi mdomoni. La bembea la watoto litobolewe matundu matatu ya milimita 12 au zaidi upande wa chini. Yaliyobaki yakae chini ya paa.

Dawa ni ya vyombo visivyoweza kumwagwa wala kufunikwa. Kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani hutengeneza viuaviluwiluwi vya bakteria vya aina mbili, na ununuzi ukikosea hapa fedha imepotea: inayofaa kwa Aedes ni Bacillus thuringiensis israelensis. Ile nyingine, Bacillus sphaericus, ni nzuri kwa Culex wa makaro lakini Aedes aegypti haimgusi sana. Kipimo fuata kibandiko. Jua huidhoofisha haraka, na maji yanayochotwa na kujazwa tena huipunguza, kwa hiyo rudia kila mara unapokuta viluwiluwi wadogo kwenye beseni jeupe. Pupa haili chochote, hivyo dawa hii haimwui. Chombo chenye pupa wengi kimwagwe au kichujwe kwa kitambaa siku hiyo hiyo. Palipo na temefosi, dawa nyingine ya kuua viluwiluwi, ya chenga ya asilimia 1 inayogawiwa na idara ya afya, kiwango cha maji ya matumizi ni gramu 1 kwa lita 10, yaani gramu 20 kwa pipa la lita 200, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa kinachoning'inia ndani ya maji ili zisimwagwe pipa likioshwa.